Matandiko ya Punda na Farasi wa Gari: Maelezo kwa Anayeanza

Mtu anayeanza kuendesha mkokoteni wa punda au gari la farasi hukabidhiwa rundo la mikanda, kamba na vyuma, akashawishika kukariri majina yote kwa siku moja. Nilipoanza kazi hii Mwea, nchini Kenya, nilifanya hivyo, na faida yake ilikuwa ndogo. Kiswahili kina maneno ya kale ya mpanda farasi, kama vile hatamu na lijamu, yaliyotokana na Kiarabu. Vifaa vya kuvutia gari, hata hivyo, kila kijiji huviita kivyake. Kwa hiyo nashauri kila kifaa kijulikane kwanza kwa kazi yake, iwe ni kuongoza, kuvuta, kubeba au kuzuia.

Hatamu ni kamba mbili zitokazo kichwani mwa mnyama hadi mikononi mwa dereva, na lijamu ni chuma kinachokaa kinywani. Farasi wa gari kwa kawaida hutiwa lijamu, ilhali punda wengi niliofanya nao kazi waliongozwa kwa kamba ya kichwani tu. Farasi huongezewa pia vizibo vya pembeni mwa macho, kwa kuwa huona karibu pande zote na gurudumu linalozunguka nyuma yake laweza kumshtua.

Kazi ya kuvuta hufanywa na mkanda mpana wa kifua, au na kola ya shingoni mzigo unapokuwa mzito, pamoja na kamba mbili za ubavuni zinazofungwa garini. Mkanda wa kifua ukikaa juu mno hubana koo, na ukishuka mno huzuia mabega yasifunguke. Nira ya ng'ombe haimfai punda hata kidogo, kwa sababu ng'ombe husukuma nira kwa nundu na shingo, ilhali punda hana nundu na nguvu yake i kifuani na mabegani.

Mnyama mmoja husimama kati ya miti miwili, ambayo sisi huiita mikono ya mkokoteni. Wanyama wawili hutenganishwa na mti mmoja wa katikati. Katika gari la magurudumu mawili, mikono hiyo hushikiliwa na kitandiko cha mgongoni. Baada ya kupakia, inua mikono kwa mkono wako mwenyewe: ikiwa mizito, mgongo wa punda ndio utakaoumia, ikitaka kupaa yenyewe, mzigo umekaa nyuma mno na ukanda wa tumboni utamkaba.

Kifaa ambacho wageni hukidharau ni mkanda wa matakoni, unaozunguka nyuma ya mapaja na kufungwa kwenye mikono ya gari. Mwea ni tambarare, nami niliuona kuwa pambo, hadi nilipohamia kwenye miteremko ya Limuru na mkokoteni usio na breki wala mkanda huo ukamsukuma punda wangu kutoka nyuma akapiga magoti kwenye lami. Gari likishuka, kamba za kuvutia hulegea na hazina msaada wowote. Hapo mnyama hulizuia kwa mkanda wa matakoni. Uwe umelegea kiasi cha kupitisha kiganja cha mkono, kwani ukibana humchubua hata penye tambarare.

Utaratibu wa kufunga ni huu: valisha matandiko yote na hatamu kwanza, sogeza gari hadi kwa mnyama, funga kamba za kuvutia, kisha mkanda wa matakoni. Kufungua ni kinyume chake. Hatamu za kichwani usizivue kamwe mnyama akiwa bado amefungwa garini, hata kama ni punda mzee unayemwamini kuliko jirani yako, kwa maana akishtuka wakati huo hutakuwa na kitu cha kumshikia.