Domicile conjugal: filamu ya kutazama na mwenzako baada ya harusi

Filamu nyingi za mapenzi huishia pale bibi harusi anapovalishwa pete. Kama mmeoana karibuni, tafuteni inayoanzia hapo. Domicile conjugal ya mwongozaji François Truffaut, iliyotoka Ufaransa mwaka 1970, inafungua na mke anayepita madukani mtaani kwao Paris. Wauzaji wanamwita mademoiselle, kama binti asiyeolewa, naye anawasahihisha: madame. Kamera inafuata miguu yake kwanza, uso unakuja baadaye. Ndoa bado ni mbichi na anataka mtaa mzima ujue.

Msianze na hiyo lakini. Tangulieni na Baisers volés ya mwaka 1968, ambamo wanandoa hawa, Antoine Doinel (Jean-Pierre Léaud) na Christine (Claude Jade) wanachumbiana. Zote mbili ni sehemu ya mfululizo wa filamu tano zinazomfuata Antoine tangu utotoni, kuanzia 1959 hadi 1979. Si lazima mzione zote, ila mkiiruka ya 1968 mtamwona Antoine kuwa mhuni tu. Huyu ni kijana aliyekosa malezi ya nyumbani kwao, na alipompenda Christine aliwapenda na wazazi wa binti huyo. Kila anapovuruga mambo, anavuruga nyumba ambayo aliitamani tangu mtoto.

Kwenye kutafuta nakala, jueni kwamba Domicile conjugal kwa Kiingereza inaitwa Bed and Board. Chukueni yenye sauti ya Kifaransa na maandishi ya tafsiri chini, msichukue iliyoingizwa sauti nyingine, kwa sababu Léaud anavyoongea kwa pupa ni nusu ya kichekesho. Maandishi yakitangulia au yakichelewa kwa kiasi kilekile mwanzo hadi mwisho, kwenye VLC (programu ya kuchezea video) bonyeza H kuyachelewesha au G kuyawahisha. Ila kama pengo linakua kadiri filamu inavyosonga, vitufe hivyo havitasaidia: faili la maandishi limetengenezwa kwa nakala ya picha 25 kwa sekunde na yenu ni ya 24, au kinyume chake. Tofauti hiyo ni kama asilimia 4, na kwa filamu ya dakika mia moja hivi inafika dakika nne. Tafuteni faili lingine.

Halafu tazameni vitu. Wanandoa hawa hawahutubiani. Ugomvi wao uko kwenye maua, simu, jina la mtoto. Antoine anafanya kazi uani, anatumbukiza maua meupe kwenye ndoo za rangi ili muuza maua apate rangi anazotaka, wakati juu ghorofani Christine anafundisha fidla. Mtoto wa kiume anapozaliwa, mama anataka aitwe Ghislain. Baba anaenda kumwandikisha Alphonse kimyakimya. Wengi hucheka hapo na kupita. Msipite. Huo ndio uamuzi wa kwanza mkubwa anaoufanya peke yake, na wa pili ni mchepuko.

Mchepuko wenyewe unaanzia kazini. Antoine amepata ajira kwenye kampuni ya Kimarekani, anaendesha meli za kuchezea kwenye bandari ya mfano, na huko anakutana na Kyoko, mwanamke wa Kijapani. Kyoko anamtumia maua yenye vikaratasi vya mapenzi vilivyofichwa ndani. Maua yanafika nyumbani, yanachanua, vikaratasi vinadondoka kimoja baada ya kingine, na Christine anaelewa kila kitu. Mume anaporudi jioni anamkuta mkewe ameketi amevaa kimono, amejipaka uso na kuchana nywele Kijapani, anamsubiri bila neno. Chozi linatelemka juu ya poda. Kama mna kitufe cha kusimamisha, kibonyezeni hapo mtazame uso wa Claude Jade.

Udhaifu wa filamu uko kwa Kyoko. Hapewi maneno ya kutosha kuwa mtu kamili, na mazungumzo yenu yatakuwa ya maana zaidi mkilikubali hilo mapema. Hata hivyo chakula chao cha mwisho hotelini kimetungwa vizuri mno: Antoine kachoka hadi basi, anainuka mezani tena na tena kwenda kumpigia simu mkewe aliyemwacha, kumlalamikia jinsi anavyoboreka na huyu wa pembeni. Muulizane kwa nini Christine anaendelea kuipokea simu ile. Jibu la mke na la mume huwa halifanani.

Angalizo moja: kuna maongezi ya kitandani kuhusu matiti ya Christine. Msiitazame mbele ya wakwe.

Mwishoni rudini kwa jirani, mwimbaji wa opera. Mapema katika filamu anamsubiri mkewe anayechelewa kujitayarisha, anatembea huku na huko, kisha anarusha koti na mkoba wa mke huyo ngazini ili atoke. Katika tukio la mwisho Antoine amesimama mlangoni vilevile, anarusha vya Christine, naye anateremka mbio nyuma yake. Mke wa jirani anaona na kusema kwamba sasa hao wanapendana kweli. Tazameni matukio hayo mawili kwa kufuatana, kisha kila mmoja aseme kama anakubaliana na yule mama.