Barabara inajengwa, magari yamehamia kijijini: tulivyofanya sisi huku Ruai

Dada uliyeuliza kuhusu kijiji chenu huko Murang'a, swali lako nimelisoma mara mbili. Umesema barabara kuu inachimbwa, magari yote yameelekezwa kwenye njia yenu ya udongo inayopita mbele ya shule na soko, matatu na malori yanapita kama yanafukuzwa, vumbi limeingia hadi kwenye sufuria, na juzi mtoto wa darasa la pili aliponea chupuchupu. Vijana wanataka kujenga matuta wenyewe usiku, na unauliza kama muwaache.

Msiwaache. Sisi tuliwaacha.

Mimi naishi ndani ndani huko Ruai, upande ule ambao watu wa mjini wakiambiwa bado ni Nairobi wanacheka. Kwenye karatasi ni jiji. Kwa macho ni ng'ombe, mahindi na ule udongo mweusi ambao mvua ikinyesha unakuvua viatu. Njia yetu ya kuingilia inatokea Kangundo Road. Barabara ya jirani ilipofungwa ili iwekwe lami, mwanakandarasi alileta greda kwetu, akatanua njia, akamwaga changarawe, akashindilia kwa rola siku mbili, akaenda zake. Tulishangilia, sitadanganya. Kuna mama alipika chai ya kundi zima la saiti.

Wiki moja baadaye tukaelewa tumepewa nini. Njia yenye mashimo haihitaji kibao cha kumwambia dereva apunguze mwendo, mashimo yenyewe yanamwambia. Ikishakuwa laini na nyoofu, hata mchungaji wa kanisa anakanyaga mafuta. Malori ya kokoto kutoka machimbo ya Njiru yakaja, matatu za abiria 33 zikaja, na kila aliyewahi kusikia kwamba kuna njia ya mkato akaja.

Basi vijana wakajenga tuta. Waliokota mawe ya msingi wa nyumba ya mtu, wakayafunika kwa udongo mweusi, wakalipiga kwa majembe usiku huohuo. Lilikuwa fupi kwa upana na limesimama wima, kama kaburi jipya. Saa kumi na moja alfajiri kijana wa boda aliyekuwa akipeleka maziwa hakuliona. Nilitoka nikiwa bado na shuka mabegani. Mtungi wa maziwa ulikuwa umebingirika hadi mtaroni, maziwa yametengeneza tope jeupe, mbwa wawili wanalamba, naye ameketi katikati ya njia ameshika mguu, hapigi kelele, anauliza tu, "Ni la nani hili? Ni la nani?" Mguu ulivunjika mahali pawili. Alikuwa mpwa wa mmoja wa waliolijenga.

Polisi walipokuja kumwuliza chifu, kijiji kizima hakikujua lolote. Kuweka kizuizi barabarani bila idhini ya mamlaka ni kosa, hata kama nia ni nzuri kama asali. Lakini hasara kubwa zaidi ilikuwa nyingine: kwa karibu mwezi mzima, kila tulipolalamika saiti tulijibiwa, "Si nyinyi ndio mnaweka mawe barabarani?" Tulikuwa na haki, tukampa mwenzetu fimbo ya kutuchapia.

Aliyetutoa hapo ni jirani yangu, mwalimu mstaafu wa hesabu. Alituambia kwenye baraza kwamba "magari yanakimbia sana" si habari, kila mtu anasema hivyo kila mahali, hivyo twende tukapime. Tulichukua kamba tukapima mita 100 kutoka nguzo ya stima hadi mlango wa posho mili. Mmoja anasimama kwenye nguzo anainua mkono gari likifika, mwingine mlangoni na simu, anabonyeza saa ya kuhesabu sekunde. Gari linalotumia sekunde 12 linakwenda kilomita 30 kwa saa. Sekunde 7.2 ni kilomita 50. Sekunde 6 ni 60. Ukipata sekunde 4 na nusu, huyo anakwenda 80, na sisi tuliwapata wa hivyo mbele ya lango la shule.

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inaweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa ndani ya mji au kituo cha biashara, kwa hiyo soko lenu likihesabiwa kuwa kituo cha biashara mna pa kushika. Ila mimi nisingeridhika na 50 mahali watoto wanavuka. Shirika la Afya Duniani linapendekeza 30 pale magari na waendao kwa miguu wanapochanganyika, na Azimio la Stockholm la 2020 likasema vivyo hivyo. Mwalimu wetu alilieleza barazani kwa njia ambayo hata wazee walikubali: mwendo ukizidi mara mbili, nguvu ya kugonga haizidi mara mbili, inazidi mara nne.

Tulipima siku tatu, asubuhi na jioni, tukiandika kwenye daftari saa, aina ya gari na sekunde. Halafu tukaona aibu. Zaidi ya nusu ya waliokuwa wakikimbia tuliwajua kwa majina. Wageni walikuwa wanapunguza kwa sababu hawajui kona iliyo mbele. Waliokimbia walikuwa boda wetu, matatu ya mwenyekiti wa kamati ya maji, na lori la yule jamaa anayewalilia wengine vumbi. Nami pia. Mama watoto alinipima bila kuniambia: sekunde sita na nusu. Piga hesabu mwenyewe.

Kwa hiyo kabla hamjaenda kumlaumu mtu, pimeni. Nusu ya kazi mtaimaliza barazani na kwenye steji ya boda. Sisi tulizungumza na mwenyekiti wa steji, wakakubaliana wenyewe kwamba anayepimwa zaidi ya 40 mbele ya shule hapangi foleni siku hiyo. Hilo lilifanya kazi kuliko askari wa trafiki, ambaye alikuja siku mbili tu, na hizo siku mbili madereva walionyeshana taa kuanzia barabara kuu.

Nusu ya pili ni ya mwanakandarasi, na hapa ndipo watu wengi hupotea kwa sababu wanaenda kuomba kama wanaomba msaada. Mchepuko, yaani njia ya muda kama hiyo yenu (na msicheke, hilo ndilo jina lake), ni sehemu ya kazi. Kuna kitabu cha serikali cha masharti ya ujenzi wa barabara na madaraja, cha 1986, ambacho kimetumika miaka na miaka kwenye kandarasi za Kenya. Sehemu ya 9 nzima inahusu kupitisha magari wakati wa ujenzi: kutengeneza njia ya muda, kuitunza, kuweka alama. Kwa kawaida kazi hizo zina mistari yake kwenye orodha ya bei za kandarasi. Maana yake ni kwamba maji ya kutuliza vumbi, kijana wa bendera na kibao cha tahadhari si hisani ya mtu.

Kwanza lakini mjue barabara ni ya nani. Tangu Sheria ya Barabara ya 2007 tuna KeNHA ya barabara kuu, KURA ya mijini na KeRRA ya vijijini, na nyingine ziko chini ya kaunti. Sisi tulipoteza wiki tatu tukipeleka barua kwenye ofisi isiyohusika. Karani aliipokea, akaigonga muhuri, akanyamaza. Nendeni mkapige picha lile bango kubwa la mradi mahali kazi inapoanzia. Lina jina la mwenye barabara, la mwanakandarasi na la mhandisi mshauri. Barua yenu imwendee injinia msimamizi wa mradi, nakala kwa mwenye barabara na kwa chifu. Meneja wa saiti mwacheni. Anasikiliza sana, anaitikia sana, halafu hakuna kinachofanyika.

Na kama hamjibiwi, tumieni Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Ofisi ya umma ina siku 21 za kujibu, lakini ombi likihusu uhai wa mtu ni saa 48. Na ombi linaweza kuandikwa kwa Kiswahili, sheria yenyewe inasema hivyo, kwa hiyo msikubali kuambiwa mtafute mtu wa kuwaandikia Kizungu. Sisi tuliomba mpango wa kupitisha magari wakati wa ujenzi, tukabandika kurasa mbili za daftari letu la sekunde. Saa 48 zilipita kimya. Siku ya nne injinia alikuja mwenyewe na gari lake jeupe, akasimama pale posho mili, akaomba simu ya mwalimu, akapima magari matano bila kusema neno. La sita lilikuwa tipa la saiti yake mwenyewe. Sekunde tano. Hapo ndipo mambo yalianza.

Kilichosaidia zaidi hakikuwa matuta. Yalikuwa mapipa. Walijaza mchanga kwenye mapipa ya zamani, wakayapaka rangi nyekundu na nyeupe, wakayapanga mawili mawili kwa kupishana, kulia kisha kushoto, mbele ya shule na mbele ya soko, hivi kwamba lori moja tu linapita kwa wakati na lazima lijikunje. Dereva hawezi kukimbia mahali anapozungusha usukani. Hakuna chuma cha gari kinachogonga chini, mgonjwa aliye ndani ya gari harushwi, na yakigongwa yanasukumwa tu yarudi. Ombeni mapipa kwanza. Kwa ajili ya usiku myabandike utepe unaong'aa. Kama hakuna, hata mawe yaliyopakwa chokaa miguuni mwa mapipa yanaonekana kwa taa.

Matuta matatu yalijengwa pia, ila si makaburi. Tuta zuri ni pana. Lile la mviringo lililotokana na utafiti wa Waingereza miaka ya 1970 lina urefu wa mita 3.7 kwa kufuata njia na kimo cha sentimita 10 tu katikati. Ukipanda polepole hulisikii, ukipanda kwa kasi linakurusha. Angalieni na kingo zake: wakiacha mwanya kando ya mtaro, boda zote zitapita kwenye mwanya, na mwanya ndiko watoto wanakotembea.

Vijana wa bendera ni jambo dogo linaloweza kuua. Kwetu kulikuwa na kona, hivyo wa huku hakumwona wa kule, na mara mbili malori yalikutana uso kwa uso kwenye sehemu ya gari moja. Ukiuliza wanasema wanapigiana simu. Na betri ikiisha? Mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi za barabara zamani aliwafundisha kijiti. Gari la mwisho la kundi linakabidhiwa kijiti, dereva anakipeleka upande wa pili, na mpaka kijiti kifike, bendera ya kule haifunguki. Chetu kilikuwa tawi la mkaratusi lililofungwa kitambaa chekundu. Kuna dereva alienda nacho hadi Tala, kikarudishwa jioni na tauti wa matatu.

Vumbi: mkubaliane saa, si "mara mbili kwa siku". Bauza la maji likipita saa sita mchana limekauka kabla ya watoto kutoka shule. Letu lilipita saa kumi na mbili na nusu asubuhi na saa tisa.

Mabango ya chuma msihangaike nayo, yatauzwa kwa chuma chakavu kabla ya Ijumaa. Andikeni kwenye mbao.

Na jambo moja msilisubirie: zungumzeni mapema kuhusu lami yenyewe, kabla safu ya mwisho haijamwagwa. Mchepuko utaondoka, lakini lami itabaki, na itakuwa na kasi kuliko huo mchepuko. Kivuko cha shule, njia ya miguu pembeni, mahali pa matatu kusimama, haya ni rahisi kuyaomba mashine zikiwa bado pale. Zikishahama, mtaandika barua hadi mzeeke.

Sisi tulipata kivuko na tuta moja la kudumu mbele ya shule. Rangi yake wamepaka upande mmoja tu, ule wa magari yanayotoka Kangundo Road. Upande wetu tuliambiwa si lazima, sisi tunajua liko wapi.