Maswali ya Wasomaji: GPS ya Gari Inayochelewa Kupata Setilaiti

SWALI: Ndugu Mhariri, ninamiliki gari dogo la Kijapani nililolinunua likiwa limeshatumika, na mwaka jana nilimwomba fundi aitoe redio yake ya zamani aniwekee ile ya skrini kubwa inayotumia Android. Muziki unalia vizuri na kamera ya nyuma haina tatizo, lakini GPS inanitesa. Asubuhi nikiondoka nyumbani Morogoro, skrini huendelea kuandika kwamba inatafuta setilaiti mpaka nimeshapita Mikese, na kuna siku mshale hutokea nikiwa nakaribia Chalinze. Nikifika Dar es Salaam, maeneo ya Posta na Kariakoo, mshale huruka kutoka mtaa huu hadi ule. Siku za mvua naona hali inazidi kuwa mbaya. Ajabu ni kwamba simu yangu, ndani ya gari hilohilo, hupata mahali nilipo papo hapo. Fundi anasema redio ni mbovu, ninunue nyingine. Je, nimsikilize? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Ndugu msomaji, tunakushauri usitoe fedha yoyote kabla hujajua antena ya GPS ya redio hiyo ilifichwa wapi. Katika dalili ulizozitaja hakuna hata moja inayothibitisha ubovu wa redio yenyewe, na zilizo nyingi zinaelekeza kwenye antena au kwenye gari lenyewe.

Setilaiti za GPS zimo angani umbali wa takriban kilomita 20,200 kutoka ardhini, na mawimbi yake yanapotufikia huwa yamedhoofika kiasi kwamba ni hafifu kuliko hata kelele za umeme zilizomo ndani ya kipokezi. Kipokezi huyang'amua kwa sababu tu kinaijua mapema ruwaza ya kila setilaiti na kuitafuta ndani ya kelele hizo. Kinapaswa kuzisikia setilaiti zisizopungua nne kwa wakati mmoja, kwa kuwa pamoja na kukokotoa latitudo, longitudo na mwinuko, kinalazimika pia kuirekebisha saa yake. Isitoshe, kuzisikia tu hakutoshi. Kila setilaiti hutangaza taarifa za mahali inapopita kwa mwendo wa biti 50 kwa sekunde, mwendo ambao leo ungeonekana kichekesho kwenye simu yoyote, na taarifa hizo hurudiwa kila baada ya sekunde 30. Ukipita chini ya miti mikubwa au lori likakuziba katikati ya matangazo hayo, sehemu iliyokosekana haisubiriwi kidogo bali husubiriwa mpaka mzunguko unaofuata. Ndiyo maana kipokezi chenye antena dhaifu kinachoanza kutafuta huku gari likiwa mwendoni kinaweza kuhangaika kilomita nyingi, ilhali kikiachwa kimesimama mahali peupe kingemaliza kazi hiyo kwa muda usiofika dakika mbili.

Hapo ndipo ilipo siri ya asubuhi. Taarifa hizo huchakaa baada ya saa nne hivi, kwa hiyo gari lililolala usiku kucha huanza kuzikusanya upya, wakati gari lililozimwa nusu saa sokoni hukumbuka bado lilichokipokea na kurudi hewani upesi. Simu nayo haipitii taabu hiyo: hupewa taarifa zilezile kupitia mtandao wa simu kwa sekunde chache, kisha hubakiwa na kazi ya kusikiliza tu. Kuipima redio kwa simu, basi, si haki sana, ingawa tofauti unayoieleza ni kubwa mno kuwa ya sababu hiyo peke yake.

Turudi kwenye antena. Redio za aina hiyo huja na kijisanduku cheusi cha mraba, kidogo kuliko kiberiti, chenye waya mwembamba wa mita kadhaa na sumaku upande wa chini. Ndani yake mna kipande cha kauri kinachopaswa kutazama mbingu, na chini ya kauri hiyo mna kikuza mawimbi. Mafundi wengi, kwa kutaka kazi ionekane safi, hukisukuma kijisanduku hicho nyuma ya redio, na kwa kuwa kina sumaku, hujibandika chenyewe kwenye fremu ya chuma au chini ya bomba la kiyoyozi, mara nyingine kikiwa kimepinduka uso chini. Kikiwa hapo hakina mbingu ya kuitazama. Mwambie fundi akitoe, na kabla ya kukifunga popote fanyeni jaribio hili: egesheni gari uwanjani pasipo na majengo wala miti, pitisheni antena dirishani, iwekeni juu ya bati la paa, uso ukiwa juu, kisha subirini. Bati la paa haliizuii. Linaisaidia, kwa sababu antena ya namna hiyo hufanya kazi vizuri zaidi ikiwa juu ya chuma kipana. Kama setilaiti zitapatikana haraka, redio yako ni nzima na ugomvi wako ni wa mahali pa kuiweka tu.

Ili msikisie kwa macho, pakueni programu ya bure iitwayo GPSTest kwenye redio hiyo. Itawaonyesha kila setilaiti na nguvu ya mawimbi yake kwa namba. Kwa uwanja wa wazi, setilaiti zilizo juu kabisa zinapaswa kuonyesha 40 au zaidi; 30 na kitu inavumilika; zote zikiwa chini ya 25, kuna kasoro.

Kasoro hiyo ikiendelea hata antena ikiwa juu ya paa, fundi achomoe waya nyuma ya redio, awashe redio, kisha apime kwa mita kati ya pini ya katikati na ganda la soketi, akiwa mwangalifu asivigusanishe. Panapaswa kuwa na umeme wa DC wa volti 3 hadi 5, kwa kuwa kikuza mawimbi kilichomo ndani ya antena hulishwa na redio kupitia waya huohuo. Umeme usipokuwepo, antena inakufa njaa, na hapo ndipo fundi wako atakuwa na haki ya kuilaumu redio. Umeme ukiwepo, badilisheni antena peke yake, ambayo bei yake ni sehemu ndogo sana ya bei ya redio. Kagueni pia kama waya haukubanwa na skrubu au kukunjwa kwa ukali wakati paneli zilipokuwa zinarudishwa, maana waya wa aina hiyo ukishavunjika kwa ndani hauonyeshi dalili yoyote kwa nje.

Mahali pazuri pa kudumu ni kwenye kona ya dashibodi chini ya kioo cha mbele. Hata hivyo, baadhi ya magari yana vioo vilivyopakwa utando mwembamba wa chuma ili kupunguza joto, na baadhi ya tinti za kubandika zina chuma pia. Utando huo hukata joto na hukata GPS vilevile. Ukiona namba za GPSTest zinaporomoka kila antena inapoingia ndani ya kioo na kupanda inapotoka nje, usipoteze muda kuihamisha kutoka kona hii hadi ile. Ipeleke juu ya paa au chini ya plastiki isiyo na rangi ya metali.

Kuna mshtakiwa mwingine ambaye hukumtaja, na ambaye kwa maoni yetu huachwa huru mara nyingi mno: vifaa vilivyochomekwa karibu. Chaja za bei ya chini za soketi ya kiberiti na kamera za dashibodi zisizokingwa vizuri hutoa kelele za umeme zinazoweza kuangukia katika masafa yaleyale ya GPS, yaani megahezi 1575.42. Uzuri ni kwamba uchunguzi wake hauhitaji fundi. Fungua GPSTest, chomoa kifaa kimoja baada ya kingine, na uangalie namba. Kizime na ukichomoe kabisa, kwa sababu kamera iliyozimwa kwa kitufe tu inaweza kuwa bado inapokea umeme. Namba zikipanda ghafla, umempata. Kama hutaki kuitupa kamera yako, iweke mbali na antena, angalau upande wa pili wa kioo.

Kuhusu mvua, tunadhani unaihukumu GPS kwa makosa ya dishi la king'amuzi. Dishi hutumia mawimbi mafupi ya sentimita mbili na nusu hivi, ambayo mvua kubwa huyameza, na ndiyo maana picha hukatika. Wimbi la GPS lina urefu wa takriban sentimita 19, na tone la mvua ni dogo mno kulisumbua. Miti iliyolowa maji huzuia zaidi kuliko iliyokauka, hilo ni kweli, na upande wa Milima ya Uluguru hukunyima setilaiti zilizo chini karibu na upeo wa macho, lakini mlima huo uko palepale hata siku ya jua.

Suala la Posta na Kariakoo ni tofauti, na hatuwezi kukuahidi tiba kamili. Katikati ya maghorofa, mawimbi hugonga ukuta au kioo cha jengo na kukufikia yakiwa yamezunguka, nawe ukahesabiwa kuwa mtaa wa pili. Antena iliyo juu ya paa hupunguza kuruka huko, na kipokezi kinachosikia pia mifumo mingine kama GLONASS ya Urusi, Galileo ya Ulaya na BeiDou ya China kina setilaiti nyingi zaidi za kuchagua.

SWALI: Nina kile kifaa cha GPS cha kubandika kwenye kioo, cha zamani kidogo, nilicholetewa na shemeji yangu kutoka Uingereza. Zamani kilikuwa kinashika haraka. Sasa kila nikikiwasha kinachelewa sana, na tarehe yake iko nyuma karibu miaka ishirini. Je, setilaiti zake zimezimwa? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Hazijazimwa, dada yetu. GPS huhesabu muda kwa wiki tangu tarehe 6 Januari 1980, lakini katika matangazo yake ya asili namba ya wiki hufika 1023 kisha hurudi sifuri. Jambo hilo lilitokea Agosti 1999, likatokea tena usiku wa tarehe 6 Aprili 2019, na litatokea Novemba 2038. Wiki 1024 ni miaka 19 na miezi saba na kitu, ndiyo hiyo unayoiona imepungua kwenye tarehe yako. Baadhi ya vifaa huanguka katika mwaka tofauti na hiyo, kutegemea namna mtengenezaji alivyoipanga programu yake.

Tarehe mbovu si lazima iharibu mahali, lakini kifaa kinachoamini kwamba tuko miaka ishirini nyuma hukisia vibaya setilaiti zipi ziko juu yake, kikatafuta zisizokuwepo kabla ya kuanza kutafuta moja moja. Kiunganishe na kompyuta na uone kama mtengenezaji ametoa toleo jipya la programu yake. Wengi walitoa kwa ajili ya mwaka 2019. Usipolipata, hakuna fundi atakayelibuni. Angalia pia betri iliyomo ndani: ikiwa imekufa, kifaa husahau kila kitu unapokichomoa, na kila safari huanza kama siku kilipotoka kiwandani. Tabia ya kukiwasha ukiwa bado umeegesha uani, ukakiacha dakika kadhaa ndipo uondoke, itakusaidia sana kwa kifaa cha umri huo.

SWALI: Redio iliyokuja na gari langu kutoka Japani inaonyesha bahari tupu na maandishi ya Kijapani. Nibadilishe antena? (Msomaji, Arusha)

JIBU: Hapana. Antena yako huenda inashika vizuri kuliko zote zilizotajwa hapa, kwa kuwa iliwekwa na kiwanda. Kinachokosekana ni ramani: redio hizo kwa kawaida huwa na ramani ya Japani peke yake, na kuipata ya Tanzania ya kuziwekea ni karibu haiwezekani. Ni jamaa wa lile tatizo la FM zake kuishia megahezi 90. Tumia simu kwenye kishikio.

SWALI: Mimi ni dereva wa teksi. Kuna nyakati nikikwama kwenye foleni kando ya lori fulani, GPS hukatika kabisa, na lori likiondoka hurudi. Inawezekana? (Msomaji, Nakuru)

JIBU: Inawezekana sana. Wako madereva wanaobeba vifaa vidogo vya kuvuruga mawimbi ili tajiri asijue gari limepitia wapi, na kifaa hicho hakichagui cha kuvuruga. Nchini Marekani, mwaka 2013, tume ya mawasiliano ya nchi hiyo, FCC, ilimtangazia dereva mmoja faini ya dola 31,875 baada ya kifaa chake, alichokuwa amekitumia kumkwepa mwajiri, kuvuruga mfumo wa GPS wa kusaidia ndege kutua katika uwanja wa Newark. Kwa upande wako hakuna cha kurekebisha kwenye gari. Subiri lori lipite, na usibadilishe antena kwa sababu ya dakika hizo.