Pesa za Oda Si Zako

Wiki hii nimemwona kijana wa tatu mwaka huu akinunua simu mpya siku ileile aliyopokea malipo ya oda. Wadogo zangu wauza mitumba wa soko la Gikomba, ketini hapa kidogo.

1. Kila mmoja wenu ana klipu za James Mwangi, aliyeijenga Benki ya Equity, na mnapenda palipong'aa tu: Equity kuwa benki mwisho wa 2004, kuingia Soko la Hisa la Nairobi 2006. Rudini 1993. Ilikuwa bado shirika dogo la mikopo ya nyumba, limehesabiwa kuwa limefilisika. Zaidi ya nusu ya mikopo ilikuwa hailipwi, na amana za wateja ndizo zilizolipia gharama za kila siku. Mwangi aliingia wakati huo kushika hesabu. Hapo ndipo penye somo letu, kwa sababu kosa hilohilo nimelifanya kwa mikono yangu.

2. Usile pesa za oda. Mwaka wangu wa pili sokoni, wateja sita walinitumia pesa za sweta za watoto kabla ya baridi ya Juni. Zote ziliingia kwenye laini yangu moja, iliyokuwa na pesa za nyumbani pia. Nilipotazama salio sikuona deni, niliona faida. Nikalipa kodi, nikabadilisha mabati ya kibanda, nikamlipia mama dawa. Nikajiambia nitanunua beli, furushi la mitumba lililofungwa, Jumamosi kwa zilizobaki, na kamera, zile nguo za daraja la kwanza, zitafidia. Tulipokata kamba, nusu ilikuwa sweta za watu wazima, na zile za watoto nyingi zina matundu ya nondo viwikoni.

Jumatatu alfajiri nilimkuta mama mmoja wa Njabini ameketi mbele ya kibanda, gunia lake tupu amelikunja vizuri magotini, kamba juu yake. Alikuwa amesafiri usiku. Nikamweleza. Hakupiga kelele. Aliniuliza tu, "Kijana wangu, watu wangu nitawaambia nini?" Nauli ya kumrudisha nilikopa kwa jirani.

Nilichukua miezi saba kuwalipa wote sita. Hakuna aliyerudi kununua kwangu. Yule mama bado naye huja. Hununua kibanda cha tatu kutoka changu, na akipita hunisalimia.

3. Tili ya biashara, namba ya kupokelea malipo ya wateja kwa simu, iwe mbali na laini yako.

4. Andika mauzo kila jioni, hata miguu ikiuma.

5. Kabla ya kulipia beli, waulize waliofungua za shehena hiyo asubuhi. Mimi sikuuliza.

Na wewe mwenye simu mpya, unajijua. Irudishe dukani leo kabla karatasi ya kioo haijabanduka. Mteja wako wa Narok anakuja Alhamisi.