Kwa mnaoanza kufundisha kuuza na kulipwa kwa simu vijijini Dodoma kupitia kanisani na msikitini

Wadogo zangu mnaokuja kujitolea huku, naandika haya maana mwaka wa kwanza nilikosea na aliyeumia sio mimi, ni mama wa watu.

Ratiba kwanza. Usiende Disemba na Januari, mvua yetu ni ya msimu mmoja na watu wote wako shamba wanapanda uwele na alizeti, nenda wakishavuna. Pitia kwa mchungaji au padri, ukiwa Kondoa nenda kwa shehe, tangazo moja baada ya ibada linajaza watu kuliko gari la matangazo. Na ukisimama mbele ya Wagogo anza na mbukwenyi, salamu ya Kigogo, wanafurahi mno.

Sasa hapo kwenye kuaminiwa ndo pagumu. Ukitambulishwa kanisani wanakuona mtoto wao. Siku ya kwanza nafundisha lipa namba, ile namba ya mfanyabiashara kupokelea malipo kwa simu, mama mmoja wa kwaya akanipa kitochi chake, simu ndogo ya batani, na namba ya siri akaitaja kwa sauti wenzake wote wakisikia, "shika mwanangu nifanyie wewe", nami nikamfanyia nikaona nimesaidia. Wiki mbili baadae hela yake ya alizeti ikatolewa yote na mpaka leo hatujui nani, na yule mama hakurudi tena darasani. Bado inaniuma. Siku hizi somo la kwanza ni kukataa: nazunguka naomba namba ya siri kwa upole kabisa, anayenipa anarudia, mpaka bibi aniambie "hata wewe mwanangu sikupi".

Hela ya sadaka na ya kikundi zisikae laini moja, hata kama mweka hazina ni yuleyule na ni mwaminifu. Hilo msibishane nalo.

Picha za bidhaa: dumu la mafuta la lita tano usilipige juani saa saba mchana, plastiki inang'aa na mafuta hayaonekani rangi, weka kivulini mlangoni, nyuma shuka jeupe, na bei andika hapohapo kwenye status ya WhatsApp maana mteja wa mjini akiambiwa njoo inbox anapita. Kuna mama wa Mpwapwa akishapakia dumu kwenye basi anapiga picha namba ya gari kabla halijatoka stendi anamtumia mteja, hilo sikumfundisha mimi, nimelichukua kwake na sasa nalifundisha kila kijiji.