Moto wa Jumamosi uliowaka tena Jumatatu

Nilikuwa kwenye foleni ya benki mjini Nakuru, Jumatatu mwendo wa saa tano asubuhi, simu ikalia. Jirani yangu wa upande wa chini, mzee mstaafu ambaye hapigi simu bila kukuuliza kwanza hali ya watoto, wazazi na mvua. Siku hiyo salamu hazikuwepo. "Kijana, ua wako unawaka. Nyasi zangu pia. Njoo."

Nikarukia bodaboda hadi Kiamunyi, mtaani kwetu. Njia nzima nawaza ni nani amenitilia moto, maana nyumba niliiacha imefungwa na mke wangu yuko kazini. Nilikuwa tayari nimemtilia shaka kijana mmoja wa mtaani anayependa kuvuta sigara karibu na ua wetu. Nimemwomba msamaha kimoyomoyo mara nyingi tangu siku hiyo, kwa sababu aliyewasha ule moto ni mimi mwenyewe, siku mbili kabla.

Ilikuwa Februari. Wanaoishi pande hizi wanajua Februari ni mwezi gani: vumbi mpaka kwenye sukari, nyasi zimekuwa rangi ya karatasi ya kaki, na kila mtu anasafisha shamba akingoja mvua za Machi. Jumamosi hiyo nilikuwa nimekata ua wangu wa saiprasi, nikafagia majani ya mparachichi, nikarundika na mabua machache ya mahindi yaliyooza. Nikawasha nyuma ya nyumba, hatua kama sita kutoka kwenye ua. Ukawaka vizuri, ukaisha, likabaki jivu. Nikamwagia debe moja la maji, likafoka mvuke, nikaona kazi imekwisha. Jumapili tukaenda kanisani tukapita karibu na lile jivu. Halikutoa hata uzi wa moshi.

Nilipofika Jumatatu, vijana wa mjengo wa jirani walikuwa wamekwisha kuuzima kwa matawi mabichi na maji ya tangi la mzee. Ua wa saiprasi ulikuwa na pengo jeusi la mita kumi hivi. Kwa mzee, banda la nyasi lilikuwa limebaki nguzo nne. Marobota thelathini na mawili ya nyasi za ng'ombe, aliyoyanunua Januari ili yamvushe hadi mvua, yalikuwa yameisha. Hakunigombeza. Alichukua jembe, akanishika mkono kama mtoto wa shule, akanipeleka kwenye jivu langu. Juu lilikuwa limefanya gaga gumu, lile debe langu la maji lilikuwa limelikandika kama udongo wa ukuta. Akaliparua. Chini yake, kiganja kimoja tu, kulikuwa na makaa mekundu yanayopumua, na upande mmoja moto ulikuwa umeingia kwenye kisiki cha zamani cha mgrevilea na kufuata mzizi. "Hapa ndipo ulipolala," akasema. Jivu ni blanketi. Linazuia hewa isiingie kwa wingi, kwa hivyo kaa haliishi haraka, na linazuia joto lisitoke. Upepo wa saa nne ukaja, ukavunja gaga, ukabeba cheche hadi kwenye saiprasi, na saiprasi iliyokauka ina mafuta yake. Inawaka kama imemwagiwa mafuta taa.

Kama utasoma kitu kimoja tu hapa, basi ni hiki: usizime moto kwa kuumwagia maji juu tu. Mwaga, koroga kwa jembe au beleshi hadi chini, mwaga tena, koroga tena, mpaka uwe uji. Halafu weka mgongo wa mkono juu yake, taratibu, bila kugusa kwanza. Ukisikia uvuguvugu, bado. Rudi jioni, rudi kesho yake. Na usiwashe kamwe juu ya kisiki au karibu na mizizi mikubwa.

Tuliketi kwa mzee wa nyumba kumi, na naibu chifu akaja. Nilidhani tunazungumzia marobota ya nyasi tu. Kumbe yule mama wa nyumba ya tatu kupanda juu naye amekuja. Yeye hakuunguliwa na chochote. Akasema, kwa sauti ya chini, "Mimi sidai kitu, baba. Ila kila Jumamosi ukiwasha, mimi hufunga madirisha na kumpa mtoto inhela." Mwanawe ana pumu. Miaka mitatu tumekuwa majirani, tukisalimiana getini, na hakuwahi kuniambia. Kwetu mtu huona aibu kumgombeza jirani kwa sababu ya moshi, kana kwamba moshi ni mvua tu, unatoka kwa Mungu. Hilo liliniuma kuliko deni la nyasi.

Naibu chifu ndiye aliyenifungulia macho kuhusu sheria. Mimi, kama wengi, niliamini kwamba ndani ya ploti yangu ninaweza kuwasha chochote ninachotaka. Sivyo. Katiba ya Kenya ya 2010, kwenye Jedwali la Nne, imewapa kaunti kazi ya kudhibiti uchafuzi wa hewa na kero nyingine za umma, na orodha hiyohiyo imewapa kazi ya zima moto. Kwa hivyo anayekukataza moshi na anayekuja na gari la maji ni serikali ileile moja. Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na "kila mtu" ni pamoja na yule mtoto wa pumu. Juu ya hapo kuna sheria ya mazingira ya 1999, inayosimamiwa na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, pamoja na kanuni za ubora wa hewa zilizotungwa chini yake. Uchomaji wa takataka hadharani ni jambo ambalo kanuni hizo zinalipiga vita. Chifu naye, chini ya Sheria ya Machifu, ana uwezo wa kutoa amri ya kuzuia au kuwekea masharti uchomaji wa nyasi na vichaka katika eneo lake. Ndiyo maana wakati wa kiangazi unaweza kusikia barazani kwamba mwezi huu hakuna kuwasha. Na ipo sheria nyingine ya zamani, Sura ya 327, iliyotungwa mahususi kwa ajili ya moto wa nyasi. Mwenye ploti inayopakana na msitu, kama wenzetu wa upande wa Menengai, ana mzigo mwingine tena, kwa sababu kuwasha moto msituni bila kibali ni kosa, na lile leleshwa, kichaka cha kwenye kreta ya Menengai, likishika huwa hakuna wa kulizuia kwa ndoo.

Ushauri wangu wa vitendo ni mfupi. Kabla ya kuwasha, uliza watu watatu: naibu chifu, afisa wa afya ya umma wa wadi, na majirani wa pande zote, hasa wa upande upepo unakoelekea. Sheria ndogo za kaunti hutofautiana, ya Nakuru si lazima iwe ya Kisumu au Kakamega, na mitaa mingine yenye chama cha wakazi ina masharti makali kuliko ya serikali. Kuuliza kunagharimu simu tatu. Mimi sikuuliza, nikalipa marobota thelathini na mawili pamoja na mbao za banda.

Sasa, kuhusu kinachochomwa. Hapa sitakuwa mpole. Kuna shimo nyuma ya nyumba nyingi za mitaa yetu ambalo hula kila kitu: majani, diapa, chupa za soda, viatu vya plastiki, mikebe ya dawa ya mbu. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Agosti 2017, lakini plastiki nyingine bado zimejaa, na ukizichoma kwa moto mdogo wa shimoni haziishi, zinageuka moshi mweusi wenye sumu unaotua kwenye sukuma wiki yako. Mbao za mjengo zilizopakwa dawa ya mchwa au rangi zisiingie motoni, wala jivu lake lisiende shambani. Mkebe wa dawa ya kupuliza hulipuka. Nimeuona mmoja ukiruka ukuta, sisimulii kwa kusikia. Oleanda, lile ua la rangi ya waridi au jeupe ambalo watu hupanda getini, lina sumu hata kwenye moshi wake. Likate, uliache likauke mbali na mifugo, kisha ulitoe pamoja na takataka za kuchukuliwa. Toa hela ya mzoataka kila mwezi. Ni ndogo kuliko ya hospitali.

Kinachobaki ni majani, matawi na mabua makavu, na hata hayo, robo tatu hayahitaji moto. Mabua mazuri nampa mzee kwa ajili ya ng'ombe wake. Sijui kama analipiza kisasi kwa upole au vipi, lakini yeye hunirudishia samadi. Matawi manene nayakata yawe kuni. Majani ya mparachichi na ya kufagia yanaingia kwenye mboji: tabaka la kavu, tabaka la mbichi kama magugu na maganda ya jikoni, samadi kidogo, maji, kisha tena. Nachomeka fimbo ndefu hadi katikati. Baada ya siku kadhaa naichomoa na kuishika. Ikiwa moto, kazi inaendelea ndani, ikiwa baridi na kavu, naongeza maji na kupindua. Kwa baridi yetu ya Nakuru inachukua miezi mitatu hadi minne. Saiprasi ndiyo kaidi, haiozi upesi, kwa hivyo naikatakata kwa panga na kuitandaza kwenye njia ya kwenda kwa kuku. Inazuia tope.

Kuna wakati lazima uchome, sikatai. Viazi au nyanya zilizopigwa na mnyauko, kwa mfano, usizitie kwenye mboji maana utausambaza ugonjwa shamba zima, ingawa hata hizo unaweza kuzifukia kwenye shimo refu mbali na maji. Nikilazimika kuchoma, siku hizi nafanya hivi. Nangoja hadi mvua imenyesha angalau mara moja na nyasi za pembeni zina unyevu. Siwashi alfajiri, kwa sababu hewa baridi ya asubuhi hukalia moshi ukatambaa chini na kuingia kwenye nyumba za watu, wala alasiri, kwa sababu ndipo upepo wetu unapoanza vituko. Saa tatu hivi, jua limetoka, upepo bado umelala. Nachimba shimo la kina cha goti, nalima ukanda wa udongo mtupu kulizunguka, hatua mbili kila upande, na naliweka hatua ishirini au zaidi kutoka kwa nyumba, ua, banda na mtungi wa gesi. Natazama na juu: waya za stima, matawi yaliyoinama. Mimea iwe mikavu kabisa, maana kibichi ndicho kinachotoa moshi mzito wa njano. Nalisha moto kidogo kidogo badala ya kurundika mlima. Petroli hapana. Mvuke wake huenea chini kabla hujawasha kiberiti, na ukikiwasha, moto unakufuata wewe.

Pembeni ni ndoo nne zimejaa, mpira wa maji uliounganishwa tayari, beleshi na reki. Watoto ndani. Mimi siondoki, hata chai naletewa. Nambari ya zima moto ya kaunti nimeiandika kwa rangi kwenye tangi, pamoja na 999 na 112. Na nimefanya mazoezi ya kuelekeza njia, kwa sababu mtaa wetu hauna namba za nyumba, na ukiwa na moto mbele yako si rahisi kukumbuka kama unapinda kabla ya kanisa au baada ya transfoma. Moto ukikushinda kwa dakika mbili za kwanza, acha ndoo, toa watu, piga simu.

Kabla ya yote hayo namwarifu mama wa nyumba ya tatu siku moja kabla. Mara mbili ameniambia, "Wiki hii hapana, baba, amekohoa usiku." Nikaahirisha. Mara moja alimpeleka mtoto kwa shangazi yake kule Bahati, nikachoma siku hiyo.

Saiprasi, kwa wasioijua, ikiungua hadi kwenye mti mkavu haichipui tena. Lile pengo la mita kumi limebaki. Nimepanda kayaba, mmea wa miiba wa kuzungushia ua, imefika magotini sasa, na kuku wa mzee wanapita hapo kila asubuhi kuja kuparua mboji yangu. Mzee naye hupita palepale, mikono nyuma, kila Jumapili baada ya Jumamosi niliyochoma. Hasemi kitu. Anainama, anaweka mgongo wa mkono juu ya jivu langu, anangoja kidogo, halafu anakwenda zake.