Gari la umeme kwenye joto la pwani: lichajiwe saa ngapi, lijazwe kiasi gani

Wanaotaka kununua gari la umeme Dar es Salaam, Tanga au Mombasa huuliza kwanza habari ya mvua: likipita kwenye maji halitapiga shoti? Tutalifikia hilo. Ila betri nyingi zinazochoka mapema huku pwani hazijawahi kuguswa na maji. Zimechoka kwa kulala zimejaa asilimia 100, kwenye joto, usiku hadi usiku.

Tuchukue Nissan Leaf iliyotumika kutoka Japani, maana wengi huanza nayo na ndiyo inayoonewa zaidi na joto. Betri yake haipozwi na maji wala feni. Rejeta iliyo mbele hupoza mota, inverta na chaja ya ndani tu. Betri yenyewe, mzigo wa kilo karibu 300 chini ya sakafu, hutegemea upepo unaopita nje ya kasha lake.

Betri ya lithiamu huzeeka kwa kutumika, na huzeeka pia kwa kukaa tu. Joto lake likipanda digrii 10, uharibifu wa kikemikali ndani ya seli huenda kwa kasi takriban mara mbili. Chaji nayo ikiwa juu kabisa, kila seli hukaa kwenye volti 4.1 hivi, na hapo ndipo hujila haraka zaidi. Nairobi ina nafuu: iko mita karibu 1,800 juu ya bahari, usiku baridi hushuka hadi digrii 12 au 15, na betri iliyopata moto mchana huamka imepoa. Dar mwezi wa Februari mchana ni digrii 32 na usiku hazishuki sana chini ya 25. Mzigo ule wa kilo 300 unakutwa na alfajiri bado una moto wa jana. Wamarekani wa Phoenix, Arizona, walilijua hili mapema: mwaka 2012 wenye Leaf kule walianza kulalamika kuwa betri zinapungua uwezo gari likiwa bado jipya, na baadaye Nissan ikabadilisha kemia ya seli ili zistahimili joto zaidi.

Kwa hiyo, ukirudi nyumbani jioni usichomeke papo hapo. Liache gari lipumue saa tatu au nne, kisha chaji ianze usiku wa manane na kuisha karibu na muda wa kuondoka, ikomee asilimia 80. Baadhi ya Leaf za mwanzo zina mpangilio wa kukomea 80 zenyewe. Kama yako haina, tumia taima na upige hesabu. Chaja ya ndani ya kilowati 3 huingiza kwenye betri kama uniti 2.7 kwa saa. Betri iliyobakiwa na uniti 18 zinazotumika hupata basi asilimia 15 kila saa. Kutoka 30 hadi 80 ni saa tatu na dakika ishirini hivi: ianze saa 8 usiku, iishe kabla ya saa 12 asubuhi. Menyu itakuwa ya Kijapani. Fungua programu ya kutafsiri kwa kamera kwenye simu, tafuta alama ya saa, na ukishaweka mara moja hutahangaika tena.

Asilimia 100 si mwiko. Unasafiri kesho? Jaza, lakini ijae muda mfupi kabla ya kuondoka. Kinachoumiza ni kujaza Ijumaa jioni gari litakaloondoka Jumatatu. Ukisafiri mwezi mzima, liache kwenye 40 hadi 60, na uchomoe terminali hasi ya betri ndogo ya volti 12 kwa spana namba 10.

Magari yenye seli za LFP (aina ya lithiamu yenye chuma na fosfati), zikiwamo BYD nyingi, yana kanuni nyingine. Seli hizo huvumilia joto na kujazwa zaidi, na kompyuta ya gari huhitaji kufika 100 mara kwa mara ili isome chaji sawasawa. Fuata kitabu cha gari lako, si ushauri wa jirani mwenye Leaf.

Maegesho nayo yana uzito kuliko watu wanavyodhani. Lami iliyopigwa na jua hutoa joto moja kwa moja kwenye tumbo la gari, mahali betri ilipo. Kivuli juu ya udongo au nyasi ni bora kuliko kibanda cha mabati juu ya zege. Mwembe unafaa sana, isipokuwa msimu wa maembe.

Chaji ya haraka ya CHAdeMO, mfumo wa Kijapani unaotumiwa na Leaf, huweza kupandisha joto la betri digrii 10 au zaidi kwa mkupuo mmoja. Nunua kifaa kidogo cha OBD cha Bluetooth, kinachochomekwa kwenye soketi ya uchunguzi ya gari, na uweke programu ya LeafSpy kwenye simu. Itakuonyesha vipima joto vitatu au vinne vya ndani ya betri. Kanuni yetu: chini ya digrii 35 endelea, ikifika 40 punguza au subiri, ikizidi 45 usiguse chaja ya haraka. Safari ya Mombasa hadi Nairobi ina mtego hapo. Kupanda tu zile mita karibu 1,800, gari la tani 1.7 na abiria wake hula uniti kama 8, mbali na umbali wenyewe, na kila kituo cha chaji huikuta betri ikiwa na moto kuliko kituo kilichopita. Kurudi ni raha, ila usianze mteremko mkali ukiwa na 100: betri iliyojaa haina pa kuweka umeme wa breki, na mzigo wote unaangukia pedi.

AC hula umeme kwa saa, haijali kilomita. Ikishapoza gari, hubaki kwenye kilowati 1 hivi. Ukienda kilomita 60 kwa saa hiyo ni sehemu ya sita ya uniti kwa kila kilomita 10, hata huioni. Kwenye foleni ya Kimara ya kilomita 10 kwa saa ni uniti nzima, wakati gari lenyewe kwa umbali huo hula kama uniti moja na nusu. Poza gari likiwa bado kwenye waya, ndipo utoke. Na hapa tuseme jambo linaloharibu magari kimyakimya: kompresa ya AC ya gari hili huendeshwa na umeme wa betri kubwa, na mafuta yake ni aina ya POE. Fundi akijaza gesi pamoja na mafuta ya PAG ya magari ya kawaida, ambayo hupitisha umeme, gari linaweza kuona hitilafu ya insulesheni na kukataa kuwaka. Mwulize kabla hajaunganisha mipira yake, na kama mashine ile ile ametoka kuitumia kwenye gari la petroli, aisafishe kwanza.

Kabla ya kununua, usiamini vijisanduku 12 vya uwezo upande wa kulia wa dashibodi. Kijisanduku cha kwanza hupotea betri ikishapungua asilimia 15 hivi, na kila kinachofuata ni kama 6 na kidogo, kwa hiyo gari la vijisanduku 8 limebakiwa na kati ya 60 na 66. Kompyuta ya betri inaweza kufutwa kumbukumbu ikaonyesha 12 tena kwa muda. Angalia SOH (asilimia ya uwezo uliobaki kwenye betri) kwenye LeafSpy, kisha tofauti ya volti kati ya seli: gari likiwa limetulia, milivolti 20 kushuka chini ni nzuri. Liendeshe mlimani likiwa na chaji chini ya asilimia 30. Jozi moja ya seli ikizama milivolti 100 chini ya wenzake, hiyo ndiyo itakayokuzimia njiani. Kipimo kisichodanganywa ni mita ya umeme: lishushe hadi 20, lijaze hadi 100, na usome uniti zilizoingia. Ondoa asilimia 10 hadi 15 zinazopotea njiani, inayobaki ni asilimia 80 ya ulichonunua.

Sasa mvua. Kasha la betri limefungwa vizuri, na maji ya masika barabarani hayalisumbui. Lakini tumbo la Leaf liko sentimita 15 au 16 tu kutoka chini, na mpira unaoziba kasha la gari la miaka kumi si mpira mpya. Maji yakipita nusu ya gurudumu, geuza. Mafuriko yanayokutana na bamvua ni habari nyingine kabisa, kwa sababu maji ya chumvi hupitisha umeme na betri iliyoyanywa inaweza kushika moto saa au siku kadhaa baadaye, kama ilivyotokea Florida baada ya kimbunga Ian mwaka 2022. Gari lililozama kwenye maji hayo usiliwashe, usilichaji, livutwe hadi mita 15 kutoka kwenye nyumba na magari mengine. Huko Kisumu na Kampala, penye radi nyingi, chomoa kebo wingu likianza kunguruma, na uweke kizuia mawimbi ya umeme kwenye ubao wa swichi wenye arthi inayofanya kazi.

Hatari ya kila siku iko ukutani. Kebo ya Kijapani ya volti 200 na ampea 15 hukatwa plagi yake na kuwekewa ya pini tatu ya ampea 13. Kwa dakika kumi inafanya kazi. Kwa saa sita, kwenye ukuta uliopigwa jua la mchana, plastiki hulainika na pini huungua. Weka soketi ya bluu ya viwandani ya ampea 16, waya wa milimita 4 za mraba peke yake kutoka kwenye ubao, breka ya ampea 20 na RCD (swichi inayokata umeme ukivuja) ya miliampea 30. Baada ya nusu saa ya kuchaji shika plagi: uvuguvugu ni sawa, lakini mkono ukishindwa kukaa hapo, zima.

Mwisho ni betri ndogo ya volti 12, ambayo joto huiua kabla ya ile kubwa, na bila yake gari haliwaki hata likiwa limejaa. Ipime asubuhi kabla ya kuwasha gari: 12.4 hadi 12.6 ni nzima, chini ya 12 ichaji pembeni, na ikirudia ibadilishe. Upande wa baharini terminali huota unga wa kijani. Zichomoe, uzioshe kwa maji ya uvuguvugu yenye kijiko cha magadi, uzikaushe, uzikaze, kisha uzipake grisi.